Kiwewe: Maradhi yanayojifanya ugonjwa wa moyo

HEBU jifikirie uko ndani ya matatu jioni moja ukitoka kazini. Gari limekwama katika msongamano wa Barabara ya Jogoo, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua na abiria wamebanana. Huna ugomvi na mtu yeyote. Mara moyo unaanza kwenda mbio. Kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi, vidole vinakufa ganzi na kijasho chembamba kinakutoka ilhali wenzako wamejikunyata kwa baridi. Wazo moja tu linakujia: ninakufa. Unamwomba makanga akushushe papo hapo, na punde unapokanyaga ardhi, hali ile inaanza kutulia.

Siku ya pili unakwenda hospitali. Unapimwa shinikizo la damu, unalazwa kitandani na kubandikwa nyaya za mashine inayochora mapigo ya moyo, kisha unatolewa damu. Daktari anazisoma karatasi na kukuambia kwamba moyo wako ni mzima. Badala ya kufurahi, unatoka ukiwa na hofu zaidi, kwa sababu unajua kwamba yaliyokupata ndani ya matatu hayakuwa mchezo. Basi unaanza kutafuta hospitali nyingine.

Msomaji, ikiwa kisa hiki kimekupata wewe au mtu wa nyumbani kwako, makala haya ni yako. Hapa tutaiita hali hiyo kiwewe, kwa maana ya hofu kubwa inayomvamia mtu kwa ghafla, na madaktari huihesabu katika kundi la maradhi ya wasiwasi. Si uchawi, si kichaa, wala si mtu kujifanya mgonjwa ili akose kwenda kazini. Inatibika. Lakini asiyeielewa huweza kupoteza kazi, marafiki na fedha nyingi akizunguka hospitalini kutafuta ugonjwa wa moyo ambao hana.

Kuna maneno mawili ambayo wagonjwa hawa huambiwa kila mara. La kwanza ni "jikaze". La pili, ambalo hata baadhi ya wahudumu wa afya hulitumia, ni "huna kitu". Hili la pili ni kweli nusu. Moyo hauna kitu, lakini mwenye moyo huo ana jambo, na jambo hilo linafanyika ndani ya mwili wake kwa njia inayoweza kuelezwa hatua kwa hatua.

King'ora kinapolia

Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna sehemu mbili ndogo zenye umbo la lozi ambazo wataalamu huziita amigdala. Mojawapo ya kazi zake ni kunusa hatari. Gari likikujia kwa kasi unapovuka barabara, utakuwa umeruka kando kabla hujapata nafasi ya kuwaza. Amigdala zimekwisha kupiga king'ora, na tezi mbili zilizokaa juu ya figo zimemwaga homoni ya adrenalini katika damu.

Adrenalini hufanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Moyo hupiga haraka ili kusukuma damu kwenye misuli ya miguu na mikono. Pumzi huongezeka. Ini hutoa sukari iliyokuwa imehifadhiwa ili misuli ipate nguvu. Mboni za macho hupanuka. Jasho hutoka ili mwili usipate joto kupita kiasi. Kazi ambazo hazina haraka, kama vile kusaga chakula na kutoa mate, huahirishwa, na ndiyo maana kinywa hukauka na tumbo husokota.

Jambo hili la tumbo liligunduliwa kwa njia ya kuchekesha kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani mmoja aitwaye Walter Cannon alikuwa akitumia mashine ya eksirei kutazama jinsi chakula kinavyokwenda ndani ya matumbo ya paka. Kazi yake ikawa inaharibika, maana kila paka alipokasirika au kushtuka, tumbo lake liliacha kabisa kujongea. Cannon aliacha kukereka na akaanza kuuliza kwa nini. Mwaka wa 1915 alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira, na humo alieleza jinsi mwili unavyojiandaa ama kupigana ama kutoroka. Waswahili, ambao tangu hapo husema kwamba mtu mwenye wasiwasi ana tumbo joto, hawakuhitaji eksirei wala paka.

Basi soma tena orodha hiyo ya kazi za adrenalini, kisha ukumbuke ile matatu ya Barabara ya Jogoo. Utaona ni mambo yale yale. Mwili wako haukuwa ukiharibika. Ulikuwa ukifanya kazi yake barabara, isipokuwa king'ora kililia wakati hapakuwa na mwizi.

Hata si ugonjwa wa kisasa kama wengi wanavyodhani. Mnamo 1871 daktari wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, alieleza habari za wanajeshi wapatao 300 wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo waliokuwa wakilalamika kwamba moyo unawadunda, kifua kinawauma na pumzi zinawaishia. Aliwachunguza na hakuona dalili kwamba mioyo yao ilikuwa imeharibika. Wakati huo hapakuwa na matatu wala mikopo ya simu.

Mduara

Kwa nini basi hofu ipande kutoka wasiwasi kidogo hadi mtu kuamini anakata roho, na yote hayo katika muda wa dakika chache? Maelezo yanayotumiwa sana katika matibabu yalitolewa mwaka wa 1986 na mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark. Alisema kwamba kiwewe huzaliwa mtu anapoufasiri vibaya mwendo wa kawaida wa mwili wake.

Tuseme umekunywa chai kali bila chakula, usiku hukulala vizuri na ndani ya gari kuna joto. Moyo unaongeza mapigo kidogo. Mwingine hata hangeona. Lakini wewe ulimzika binamu yako mwezi uliopita, naye aliaga kwa ugonjwa wa moyo. Unajiuliza, "Hiki ni nini?" Swali lenyewe linapiga king'ora. Adrenalini inatoka, moyo unaongeza kasi, nawe unaona kwamba kumbe ulikuwa sahihi kuogopa. King'ora kinalia kwa nguvu zaidi. Mduara unazunguka hivyo, kila mzunguko ukiupa nguvu unaofuata.

Pumzi nazo huchochea moto huo. Mtu mwenye hofu huvuta hewa haraka haraka na kwa kutumia sehemu ya juu ya kifua. Anadhani anakosa hewa, kumbe anavuta hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji, na hivyo anatoa hewa ya kaboni kupita kiasi. Hewa hiyo ikipungua katika damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hujikaza kidogo. Matokeo ni kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na midomo, na ile hali ya kuona kama kwamba dunia iko mbali nawe. Anayezihisi dalili hizi huamini kwamba anapungukiwa na hewa, basi huvuta kwa nguvu zaidi.

Baadhi ya wataalamu humwomba mgonjwa, akiwa ameketi mbele yao, apumue kwa kasi makusudi kwa dakika moja au mbili. Mara nyingi dalili zile zile za ndani ya matatu hujitokeza pale pale kitini. Kwa mtu ambaye ameishi miaka mitatu akiamini kwamba ana ugonjwa usioonekana, hilo ni somo kubwa kuliko maelezo ya saa nzima. (Usilijaribu peke yako nyumbani, hasa ukiwa na pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au mimba.)

Swali moja huulizwa sana: je, nitazimia? Ni nadra. Mtu huzimia damu inapopungua ubongoni kwa sababu shinikizo limeshuka ghafla, ilhali katika kiwewe shinikizo la damu kwa kawaida hupanda. Walio tofauti ni wale wanaoogopa damu na sindano. Hao shinikizo lao hupanda kidogo kisha likaanguka, na wengine huanguka nalo kwenye sakafu ya maabara. Kwao dawa ni kukaza misuli ya mapaja, mikono na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, kulegeza kidogo, kisha kukaza tena, ili kuirudisha damu juu. Na kabla ya kudungwa, mwambie muuguzi. Si aibu.

Aliyeumwa na nyoka

Kuna watu ambao king'ora chao kiliharibiwa na jambo lililotokea kweli. Siku ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, kwenye kona ya barabara za Moi na Haile Selassie. Watu 213 waliuawa hapo na maelfu wakajeruhiwa. Wengi waliumizwa macho na vigae vya vioo, kwa kuwa walikuwa wamesikia kishindo cha kwanza, kidogo, wakakimbilia madirishani kutazama. Kisha ukaja mlipuko mkubwa.

Fikiria sasa mtu aliyetoka salama katika jengo la jirani siku hiyo. Gurudumu la lori likipasuka mtaani, mwili wake huweza kurudi 1998 kwa nukta moja, hata kama akili yake inajua vyema kwamba ni gurudumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wapo waliopitia mambo kama hayo katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, katika shambulio la Westgate mwezi Septemba 2013, au katika wizi wa bastola ambao haukuandikwa na gazeti lolote.

Kushtuka, kukosa usingizi na kuota ndoto mbaya katika siku za mwanzo baada ya msiba wa aina hiyo ni kawaida, na watu wengi hupoa wenyewe wakiwa na jamaa zao. Lakini ikiwa umepita zaidi ya mwezi mmoja na bado unaliona tukio lile kana kwamba linatokea upya, unakwepa kila kitu kinachokukumbusha, na unaruka hata mlango ukifungwa kwa nguvu, hayo ni maradhi yanayohitaji mtaalamu. Ushauri utakaousoma hapa chini kuhusu kujizoesha hautoshi kwa hali hiyo, na ni vyema usiuanze bila kusaidiwa.

Kukimbia ndiko kunakolisha hofu

Turudi kwa abiria wetu. Alishuka, akatulia. Hapo ndipo kosa lilipoanza, ingawa hakuna anayeweza kumlaumu. Ubongo wake uliandika kumbukumbu moja: tumepona kwa sababu tumeshuka. Haukuandika kwamba hofu ingeshuka yenyewe hata kama angebaki ndani. Kwa kawaida kiwewe hufika kileleni katika muda wa dakika 10 hivi, kisha huanza kupungua. Mwili hauwezi kukaa katika hali hiyo siku nzima. Lakini yeye hakukaa akaona.

Wiki inayofuata anachagua basi kubwa na kuketi karibu na mlango. Mwezi mmoja baadaye anatembea kwa miguu kutoka mjini hadi mtaani kwake. Kisha lifti za ofisini zinamshinda, halafu foleni ya dukani, halafu viti vya katikati kanisani. Anaanza kubeba chupa ya maji kila aendapo, na tembe mbili za usingizi ndani ya mkoba, si kwa sababu anazitumia bali kwa sababu akizisahau anarudi nyumbani. Mwajiri anachoka na kuchelewa kwake. Kuna watu ambao dunia yao imepungua hivyo mpaka ikabaki chumba kimoja, na majirani wanasema ana maringo.

Kwa hivyo tiba inakwenda kinyume cha akili inavyotaka. Ni kubaki.

Kiwewe kikikushika, kwanza kitaje jina kimoyomoyo: hiki ni kiwewe, nakijua, kinatisha lakini hakiui. Tazama saa. Usipigane nacho na usijaribu kukifukuza, kwa sababu kupigana pia ni hatari machoni pa amigdala. Shughulika na pumzi, na hasa ile inayotoka. Vuta hewa polepole kwa pua ukihesabu hadi 4, ukiacha tumbo lijae na si kifua, kisha itoe polepole zaidi ukihesabu hadi 6. Endelea hivyo dakika chache. Fanya zoezi hili kila siku ukiwa mtulivu, labda kabla ya kulala, kwani anayejifunza kuogelea siku ya mafuriko amechelewa. Ile desturi ya kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi achana nayo. Ikiwa tatizo kumbe ni pumu au moyo, inaweza kukudhuru.

Baada ya hapo, tengeneza ngazi. Andika mambo unayoyakwepa, kuanzia lile linalokutisha kidogo hadi lile usilothubutu hata kulifikiria. Kwa mwenye hofu ya matatu, kidato cha kwanza huenda kikawa kuketi ndani ya gari lililosimama kituoni likingoja abiria. Cha pili, kusafiri kituo kimoja asubuhi ya Jumapili barabara zikiwa tupu, pamoja na dada au rafiki. Cha tatu, kituo hicho hicho peke yako. Kisha vituo vitatu, kisha kiti cha nyuma kabisa, na hatimaye saa kumi na mbili jioni wakati wa msongamano. Kanuni ni mbili. Usishuke hofu ikiwa kileleni. Ngoja ipungue angalau nusu. Na rudia kila kidato mpaka kikuchoshe, ndipo upande kingine. Chupa ya maji na tembe za mkobani nazo lazima ziachwe nyumbani siku moja, la sivyo zitachukua sifa zote.

Utaogopa. Hiyo si dalili kwamba zoezi limeshindikana, kwani bila hofu kidogo ubongo haujifunzi lolote. Siku nyingine utarudi kidato cha chini na hilo pia ni la kawaida. Nauli ya mazoezi haya kwa mwezi mzima ni ndogo kuliko gharama ya kupimwa moyo mara ya nne.

Vinavyoongeza moto

Kafeini iliyo ndani ya kahawa na chai huongeza mapigo ya moyo, na baada ya saa 5 hivi karibu nusu yake ingali mwilini. Miraa na muguka hufanya kazi inayofanana na ya adrenalini yenyewe, na anayetafuna usiku kucha kisha akashangaa kwamba asubuhi ana kiwewe, hana haja ya kwenda mbali kutafuta sababu. Pombe ni janja zaidi, maana humtuliza mtu kweli kwa saa chache. Inapoisha mwilini, wasiwasi hurudi ukiwa umeongezeka, na anayekunywa ili kuutuliza huishia na maradhi mawili.

Kuhusu tembe za kutuliza kama diazepamu, ambazo watu hugawiana mitaani kama peremende, lazima tuseme wazi. Hufanya kazi haraka, na hapo ndipo hatari ilipo. Zikitumiwa kila siku kwa wiki kadhaa mwili huzizoea, huzitaka zaidi, na mtu akiziacha ghafla anaweza kupata kifafa. Zikichanganywa na pombe zinaweza kumzuia mtu kupumua. Usinunue bila daktari. Ikiwa umezitumia kwa muda mrefu, usiache kwa siku moja. Mwombe daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Zipo dawa nyingine, kama vile setralini na fluoksetini, ambazo hazimfungi mtu kwa namna hiyo na zimesaidia wengi. Hizi huhitaji uvumilivu. Huchukua wiki 2 hadi 6 kuleta nafuu, na katika siku za kwanza huweza hata kuongeza wasiwasi kidogo. Wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani zimewadhuru. Mtu asipoambiwa hili mapema, dawa huishia kwenye takataka. Hata hivyo, ukipatwa na mawazo ya kujidhuru baada ya kuanza dawa hizi, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Halafu kuna dhiki zenyewe za maisha, yaani karo, kodi ya nyumba, mzazi anayeugua kijijini, barua ya kusimamishwa kazi. Pumzi hazilipi karo. Lakini kuna njia moja ndogo ya kuzuia mawazo yasikeshe nawe: yatengee dakika 20 jioni, mbali na kitanda, uyaandike yote. Lile unaloweza kulifanyia jambo kesho, andika ni jambo gani na ni saa ngapi. Yaliyobaki yafungie ndani ya daftari mpaka jioni inayofuata. Yakija saa nane usiku, yaambie yasubiri zamu yao. Mara ya kwanza yatakucheka, lakini baada ya wiki mbili au tatu huanza kutii.

Usikisie mwenyewe

Pamoja na yote tuliyosema, mara ya kwanza moyo wako unapofanya vurugu, nenda hospitali. Kazi ya kuutofautisha na kiwewe si yako. Fanya haraka sana ikiwa maumivu ni kama uzito mkubwa katikati ya kifua, yanasambaa hadi mkononi, mgongoni au kwenye taya, yanakuja unapopanda ngazi au kubeba mzigo na hayaishi baada ya dakika kadhaa, au ikiwa umezimia. Umakini uzidi kama umri umesonga, unavuta sigara, una kisukari au shinikizo la damu. Wanawake na wenye kisukari huweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali, wakahisi tu uchovu wa ajabu na kukosa pumzi.

Yapo pia maradhi mengine yanayoiga kiwewe. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humfanya mtu atetemeke, akonde na asivumilie joto. Upungufu wa damu huudundisha moyo. Sukari ikishuka kwa anayetumia insulini, hutoa jasho na hofu. Hata dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo huweza kuutikisa mwili. Daktari akishayatazama haya na kuyaondoa, basi amini majibu yake. Kuzunguka kutafuta kipimo cha tano ni njia nyingine tu ya kukimbia.

Msaada hauko Mathari peke yake, ingawa hospitali hiyo iliyoanzishwa mwaka wa 1910 bado huwatisha wengi kwa jina. Hospitali nyingi kubwa za kaunti zina kliniki ya afya ya akili ambayo mgonjwa huhudhuria na kurudi nyumbani. Na si lazima kila wakati awe daktari bingwa. Katika utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka wa 2017, wahudumu wa afya ya jamii ambao hawakuwa wataalamu wa akili walifunzwa njia iliyobuniwa na Shirika la Afya Duniani. Waliketi na wanawake waliokuwa wamepitia dhuluma mara 5 kila mmoja, wakiwafundisha kutuliza pumzi, kukabili tatizo moja kwa wakati na kurudia shughuli walizoziacha. Wanawake 421 walishiriki, wengine wakipewa njia hiyo na wengine huduma ya kawaida. Walipopimwa miezi mitatu baadaye, waliofunzwa walikuwa wamepata nafuu zaidi.

Ikiwa unamhofia mtu aliyekata tamaa ya kuishi, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Mpeleke hospitali iliyo karibu, wala usimwache peke yake. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pia hupigwa bila malipo.

Wewe unayeishi na mwenye kiwewe, usimcheke na usimbebe. Ukimwendea sokoni, ukimjibia simu na kumsindikiza kila mahali, utakuwa umemsaidia kukimbia. Keti naye hali ikimshika, ongea kidogo, hesabu pumzi pamoja naye, kisha mwendelee na safari mliyokuwa mnakwenda. Maombi kwa wanaoamini huleta utulivu na hayakatazwi, lakini anayekuagiza utupe dawa kwa sababu una pepo anacheza na maisha yako.

Siku ya kwenda kliniki, beba karatasi moja. Andika hali ilianza lini, ilikushika wapi mara tatu za mwisho, ilidumu dakika ngapi kwa saa uliyoitazama, ulikuwa umekula na kunywa nini, dawa zote unazotumia, pamoja na zile za kununua dukani, na mahali ambapo siku hizi huendi. Wengi huchanganyikiwa wakifika mbele ya daktari, wakamweleza habari za moyo peke yake. Anzia hiyo orodha ya mahali usipokwenda.